James Sumner: mwanasayansi wa mkono mmoja aliyetuonyesha kimeng'enya ni kitu gani

Mkulima akimwaga mbolea ya urea juu ya udongo wenye unyevu na kuiacha bila kuifukia, baada ya siku chache anaweza kusikia harufu kali inayowasha pua. Ni harufu ile ile ya banda la kuku lisilofanyiwa usafi, au ya choo cha shimo wakati wa joto. Hiyo ni gesi ya amonia. Kwa mkulima maana yake ni hasara: naitrojeni aliyoilipia dukani inapotelea hewani badala ya kuingia kwenye mahindi.

Kinachoigeuza urea kuwa amonia ni kimeng'enya kiitwacho ureasi. Kipo kwenye vijidudu vya udongoni, kwenye masalia ya mimea, na kwa wingi kwenye mbegu za baadhi ya jamii ya kunde. Leo tunajua kimeundwa na nini, kinapenda mazingira gani na nini kinakiharibu. Miaka mia moja iliyopita hakuna aliyejua. Mtu aliyefungua mlango huo ni Mmarekani James Batcheller Sumner, na hii ndiyo habari ya maisha yake.

Kijana aliyepoteza mkono wake wa kazi

Sumner alizaliwa tarehe 19 Novemba 1887 katika mji wa Canton, jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani. Familia yake ilikuwa na uwezo. Baba yake alimiliki eneo kubwa la ardhi, na babu yake alikuwa na shamba pamoja na kiwanda cha pamba. Kijana James alipenda kuwinda.

Akiwa na miaka 17, uwindaji huo huo ulimletea balaa. Alikuwa porini na mwenzake, risasi ikampiga kwenye mkono wa kushoto, na madaktari wakalazimika kuukata chini ya kiwiko. Kibaya zaidi, Sumner alikuwa mtu wa shoto. Mkono alioupoteza ndio aliokuwa akiutumia kuandika, kula na kufanyia kazi zote.

Alianza kujifunza upya kila kitu kwa mkono wa kulia. Hakuishia kwenye kuandika tu. Alicheza tenisi na kuteleza kwenye theluji, akawa mtu wa michezo kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mwaka 1910 alihitimu Chuo Kikuu cha Harvard katika kemia.

Baada ya kufanya kazi kwa muda mfupi kiwandani na kufundisha, mwaka 1912 alirudi Harvard, safari hii katika shule ya tiba, kutaka kusomea kemia ya viumbe hai. Mwalimu aliyemwendea alikuwa Otto Folin, bingwa wa kupima kemikali zilizomo kwenye damu na mkojo. Folin alimtazama akamshauri akasome sheria. Kwa maoni yake, kazi ya kemia ni ya chupa, mirija na vipimo vidogo vidogo, na mtu mwenye mkono mmoja asingeiweza. Sumner hakukubali kuondoka. Mwaka 1914 alipata shahada ya uzamivu chini ya mwalimu huyo huyo.

Mwaka huo huo aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji wa Ithaca, jimbo la New York. Huko ndiko alikofanyia kazi maisha yake yote yaliyobaki.

Kitu kisichoonekana kinachofanya kazi

Kabla hatujaendelea, tuelezane kimeng'enya ni nini. Ni kitu ndani ya mwili wa mmea, mnyama au kijidudu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuisha. Urea iliyoyeyushwa kwenye maji safi, bila ureasi, ingeweza kukaa miaka mingi kabla ya nusu yake kuvunjika. Ureasi ikiwepo, kazi inafanyika papo hapo.

Watu walikuwa wakivitumia vimeng'enya tangu zamani bila kuvijua. Anayeotesha ulezi au mtama ili kupata kimea cha pombe au togwa anatumia vimeng'enya vya mbegu kugeuza wanga kuwa sukari. Anayefunga nyama kwenye majani ya mpapai ili ilainike anatumia kimeng'enya cha utomvu wa mpapai. Ila swali moja lilibaki: kitu chenyewe ni nini? Kimetengenezwa na nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 hakuna aliyekuwa amewahi kukitenga kimeng'enya kikiwa safi. Kilikuwa kikijulikana kwa kazi yake tu, kama mtu unayesikia sauti yake gizani. Wapo waliodhani ni protini. Wapo waliosema hapana, protini inayoonekana ni mzigo tu, na chenye nguvu ni kitu kingine kidogo kilichojificha ndani yake.

Mwaka 1917 Sumner aliamua kukamata kimoja. Alichagua ureasi, kwa sababu alikuwa ameshaitumia Harvard katika kupima urea, na alijua inapatikana wapi kwa wingi: kwenye maharage ya kanavalia. Wakulima wa kilimo hifadhi huenda mnaufahamu mmea huu. Una maganda marefu yenye umbo la upanga na punje kubwa nyeupe, na hupandwa kufunika na kurutubisha udongo. Punje zake mbichi zilizokomaa hazifai kuliwa. Ila ndani yake kuna ureasi nyingi kuliko hata ile ya soya.

Miaka tisa ya kushindwa

Cornell ilimpa Sumner kazi nyingi ya kufundisha na vifaa vichache. Maabara yake haikuwa na hata sanduku la barafu, wakati kazi yake ilitaka baridi. Alikuwa akisaga maharage, anayachanganya na maji yenye alkoholi, anachuja, kisha anaweka vyombo vyake kwenye kingo za madirisha usiku na kuomba hali ya hewa iwe ya baridi.

Kwa nini baridi? Kwa sababu alkoholi ikikutana na protini kwenye joto huiharibu. Kwenye baridi, kemikali hiyo hiyo huweza kuchuja vitu visivyotakiwa na kuiacha protini ikiwa salama. Kwa hiyo jambo la kwanza Sumner alilojifunza kuhusu ureasi, hata kabla hajaiona, ni kwamba inadai mazingira yake.

Miaka ikapita. Alipata protini nyingine za maharage hayo zikiwa safi, ila ureasi ikamponyoka. Wenzake walidhani anapoteza muda, kwamba hakuna atakayeweza kutenga kimeng'enya. Mwaka 1921 alipata ufadhili wa kwenda Ubelgiji kufanya kazi na mtaalamu wa vimeng'enya Jean Effront, lakini Effront aliiona nia hiyo kuwa ya kipuuzi na mpango ukafa. Kuna nyakati Sumner aliacha, kisha akarudi tena.

Mwaka 1926 alibadilisha kitu kimoja. Badala ya alkoholi alitumia asetoni, kimiminika chepesi kinachofahamika na wengi kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Aliichanganya na maji, asetoni ikiwa kama theluthi moja, akatia unga wa kanavalia, akachuja, na kuacha mchujo kwenye baridi usiku kucha. Asubuhi alichukua tone akaliweka chini ya hadubini. Aliona fuwele ndogo ndogo, zenye umbo kamili, kama chembe za chumvi au sukari zinavyojitengeneza zikiwa safi.

Alizikusanya, akaziyeyusha kwenye maji na kuzipima. Zilivunja urea kwa kasi kubwa sana. Na vipimo vyote vya protini vilikubali. Sumner alienda kwenye simu kumpa mke wake habari kwamba ametengeneza fuwele za kimeng'enya, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanyika duniani. Mwaka huo huo alichapisha taarifa yake fupi.

Mkubwa aliyekataa kuamini

Ungetarajia angeshangiliwa. Haikuwa hivyo. Ujerumani kulikuwa na Richard Willstätter, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1915 kwa kazi yake juu ya klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Yeye na wafuasi wake walishikilia kwamba vimeng'enya si protini. Ushahidi wao ulikuwa huu: walisafisha kimeng'enya kimoja cha mmea mpaka vipimo vya protini vikashindwa kuona chochote, na bado kikaendelea kufanya kazi.

Kosa lilikuwa kwenye kipimo. Fikiria hamira. Kijiko kimoja kinaumua unga wa sufuria nzima, na ukiutazama unga huo huioni hamira. Kutoiona hakumaanishi haipo. Vimeng'enya hufanya kazi kwa kiasi kidogo sana, kidogo kuliko vipimo vya wakati ule vilivyoweza kugundua.

Willstätter alifika mwenyewe Cornell mwaka 1927 kutoa mihadhara, akaondoka bila kushawishika. Mwalimu wa chuo kisichokuwa na jina kubwa katika fani hiyo, mwenye mkono mmoja na vifaa hafifu, alikuwa akishindana na bingwa wa dunia. Jibu la Sumner lilikuwa kufanya kazi zaidi. Alitengeneza fuwele hizo tena na tena na kuonyesha kwamba chochote kinachoharibu protini ile kinaua na nguvu ya kimeng'enya.

Msaada ulitoka sehemu nyingine. Mwaka 1930 Mmarekani mwingine, John Northrop, alitengeneza fuwele za pepsini, kimeng'enya cha tumboni, na akaonyesha nayo ni protini. Mwaka 1935 Wendell Stanley akapata fuwele za kirusi cha tumbaku. Sumner mwenyewe, akiwa na mwenzake Alexander Dounce, mwaka 1937 alipata fuwele za katalasi kutoka kwenye maini ya ng'ombe. Upinzani ukaisha wenyewe. Mwaka 1946 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilitolewa kwa watatu hao: nusu kwa Sumner, na nusu nyingine wakagawana Northrop na Stanley. Ilikuwa imepita miaka 20 tangu asubuhi ile ya fuwele.

Umbo ndilo kazi

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Kwa nini ilikuwa muhimu kujua kwamba kimeng'enya ni protini?

Protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo, kama ushanga uliotungwa kwenye uzi. Mnyororo huo haukai umenyooka. Unajikunja na kujisokota kwa namna maalumu, na katika mkunjo huo hubaki mfuko mdogo ambamo urea inaingia kama ufunguo kwenye kufuli. Mkunjo ukiharibika, kufuli limevunjika, hata kama ushanga wote bado upo. Ndiyo maana hali ya kikemia inayokizunguka kimeng'enya ni jambo la kufa na kupona kwake.

Joto ni mfano ulio wazi. Ute wa yai ni protini, na ukikaanga yai ute unakuwa mweupe na mgumu, haurudi tena. Ureasi ikichemshwa hupatwa na yaleyale.

Tindikali nayo hufanya hivyo. Ukikamulia limau kwenye maziwa yanakatika, kwa sababu protini zake zimebadilika na kushikana. Wanasayansi hupima ukali wa tindikali kwa kipimo cha pH: 7 ni katikati, chini ya hapo ni tindikali, juu ya hapo ni alkali. Ureasi ya kanavalia hufanya kazi vizuri karibu na 7. Ukiiweka kwenye tindikali kali inakufa kabisa.

Hata hivyo Sumner aligundua kwamba namba ya pH peke yake haitoshi. Mwaka 1934, yeye na Stacey Howell walionyesha kwamba chumvi inayotumika kushikilia pH nayo ina athari yake. Ureasi ile ile ilifanya kazi kwa kasi tofauti ikiwa kwenye fosfeti, sitreti au asetati, na hata pH inayoipenda zaidi ilisogea. Kimeng'enya kinahisi kila kilichomo kwenye maji yanayokizunguka.

Kuna pia metali. Chembe kidogo za fedha, zebaki au shaba zinatosha kuisimamisha ureasi, kwa sababu zinajishikiza kwenye sehemu zenye salfa za mnyororo wake na kuzuia kazi.

Lakini kuna metali moja ambayo ureasi haiwezi kuishi bila hiyo, na hili Sumner hakulijua. Mwaka 1975, akiwa ameshakufa miaka 20, watafiti nchini Australia waligundua kwamba ndani ya ureasi ya kanavalia kuna nikeli. Ilikuwa mara ya kwanza nikeli kuonekana ikifanya kazi ndani ya kimeng'enya. Umbo zima la ureasi ya kanavalia lilichorwa na kuchapishwa mwaka 2010: vipande sita vinavyofanana, kila kimoja na chembe mbili za nikeli kwenye mfuko wake wa kazi. Kwa hiyo Sumner alikuwa sahihi kwamba kimeng'enya ni protini, ila ndani ya fuwele zake kulikuwa na siri moja zaidi.

Inatuhusu nini shambani

Mfuko wa urea una naitrojeni asilimia 46, kiasi kikubwa kuliko mbolea nyingi za kawaida. Ila ureasi iliyopo udongoni haisubiri ruhusa. Udongo ukiwa na unyevu na joto, inaanza kazi mara moja. Amonia inayotoka huufanya udongo unaozunguka punje ya mbolea kuwa wa alkali, na kwenye alkali amonia huwa gesi na kuruka. Kutokana na hayo, kuna mambo ya kuzingatia:

Kwanza, fukia urea, sentimita 5 au zaidi chini ya udongo, badala ya kuiacha juu. Amonia ikitokea chini ya udongo, udongo wenyewe unaikamata.

Pili, kama huwezi kufukia, iweke karibu na mvua ya kutosha au umwagiliaji utakaoizamisha. Manyunyu ya kulowesha juu tu ni hatari, kwa kuwa yanaamsha ureasi bila kuizamisha urea.

Tatu, usiichanganye na majivu au chokaa. Vitu hivyo ni vya alkali na vinaongeza amonia inayopotea.

Nne, mkulima anayeacha mabua na majani kufunika shamba anafanya vizuri, lakini asirushe urea juu ya matandazo hayo. Masalia ya mimea yana ureasi nyingi. Pekua, weka chini, funika.

Kwenye baadhi ya masoko kuna urea iliyopakwa dawa inayokaa kwenye mfuko wa kazi wa kimeng'enya, pale penye nikeli, ili kukichelewesha. Dawa hiyo ni tunda la utafiti ulioanzia kwenye fuwele za Sumner.

Wafugaji wa kuku nao wanafaidika. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia kuku kumeng'enya protini, na joto huviharibu. Viwanda vya chakula cha mifugo hupima kama soya imeiva vya kutosha kwa kuangalia ureasi yake: kama bado inavunja urea, joto halikutosha.

Mwisho wa safari yake

Mwaka 1947 Cornell ilimkabidhi Sumner uongozi wa maabara ya kemia ya vimeng'enya, na mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani. Mwaka 1955, alipokuwa akijiandaa kustaafu, aliugua saratani. Alifariki tarehe 12 Agosti mwaka huo katika mji wa Buffalo, akiwa na umri wa miaka 67.

Tangu wakati wake maelfu ya vimeng'enya yametengwa na kuchunguzwa. Sabuni za kufulia, dawa za hospitali, vipimo vya sukari kwenye damu na viwanda vya vyakula vinategemea ujuzi kwamba kimeng'enya ni protini yenye umbo, na kwamba umbo hilo hulindwa au kuharibiwa na joto, tindikali, chumvi na metali zinazolizunguka.

Kabla ya kuweka mbolea ya kukuzia msimu huu, zungumza na afisa ugani wa kata yako kuhusu hali ya udongo wako na kiasi kinachofaa. Na ukisikia ile harufu kali shambani, ujue ureasi iko kazini na mbolea yako inaondoka.